Kisanduku Cheusi cha Rangi za Asali

Anayetaka kupaka rangi za maji nje, huku Lodwar, asianze na picha. Aanze na kisanduku. Kifuniko kikiwa cheupe na kipana, jua linakurudia usoni hadi unaona nyota saa nne asubuhi, na rangi uliyochanganya hapo inakauka kabla brashi haijafika kwenye karatasi. Kisanduku kikiwa cha bati, hukishiki kwa joto. Changu ni cha plastiki ya kijivu, hakina sura, kina vishimo vyembamba vilivyoingia ndani na vidonge vya rangi ngumu kama kipande cha sabuni. Nakizungushia kitambaa kibichi, basi. Hayo nilijifunza kwa kuumia, na nilichojifunza kwa kuumia sikuwa na haraka ya kukigawa.

Niliumia Kalokol, kule ziwani. Nilikwenda kuchora samaki walivyoanikwa, nikiwa na kisanduku changu cha kwanza, cha bati jeusi, kizuri cha kumwonyesha mgeni, nilichokijaza rangi laini za tyubu zilizotiwa asali. Asali inawekwa ili rangi isikauke ikapasuka. Kwa watu wa baridi ni jambo la maana sana. Mimi nilipofungua kifuniko nilikuta bluu imehamia kwa njano, nyekundu imezifuata, na zote zimekuwa uji wa kahawia wenye nzi wawili ndani. Nilirudi nyumbani Nawoitorong, pembeni mwa Lodwar, juu ya lori la samaki, nanuka, na sikumwambia mtu yeyote.

Siku hizo nilikuwa nachora kadi ndogo za kuuzia wageni wa nyumba ya wageni iliyo jirani yangu. Jumamosi nilikuwa naenda Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, kuchora soko, na huko ndiko nilikomkuta dada mmoja. Alitoka Sudan Kusini, alikuwa anauza chai na maandazi chini ya mabati, na maji yakichelewa kuchemka alikuwa anachora wateja kwa biro nyuma ya maboksi ya mafuta ya kupikia. Mimi ndiye niliyempa brashi yake ya kwanza. Nilimfundisha Jumamosi baada ya Jumamosi, nikajiona mtu mwema kupindukia.

Mwaka haukuisha. Siku moja nilichanganya kadi zake chache na zangu, nikazipeleka kwa wageni. Mgeni mmoja alizipanga mezani, akaokota ya dada na kuisogeza kwenye mwanga. Kisha akaigusa yangu kwa ncha ya kidole. "Hii nayo ni safi," akasema, kwa sauti ya mtu anayemsifu mtoto kwa kunawa mikono. Nilitabasamu. Usiku ule nililala na neno "safi" kifuani, na asubuhi nilikuwa namchukia mtu ambaye hakuwa amenikosea kitu.

Ndipo ukaja mradi wa Kalobeyei, makazi ya wakimbizi jirani na Kakuma. Walitaka mwalimu mmoja wa kuwafundisha kina mama uchoraji wa nje, na tuliobaki kwenye orodha tulikuwa wawili, mimi na yeye. Kila mmoja angekuja na vifaa vyake, tukae nje, tuchore tunachokiona, wao waamue. Mimi niliitaka kazi ile kwa sababu ya heshima. Yeye aliitaka kwa sababu ya macho. Moshi ulikuwa unamla. Zahanati walikuwa wamemwambia aachane na jiko la makaa, la sivyo macho yataachana naye, na alinisimulia hayo akiwa anapuliza makaa, kwa sababu angefanya nini kingine.

Hakuwa na kisanduku. Tulikaa kwenye kibanda chake tukatazama picha kwenye simu yangu, ambazo muuzaji wa Nairobi alinitumia. Yeye akaleta simu karibu kabisa na uso, akaonyesha cha plastiki ya kijivu.

"Hii inafanana na yako, dada."

"Hiyo ni ya watoto," nikasema. "Hata mimi nangoja tu kuitupa. Wakubwa wakiona hiyo watakuchukulia aje? Chukua hii nyeusi. Rangi yake iko na asali, haikauki haraka."

Kuhusu asali sikusema uongo hata neno moja. Nilijisikia vizuri kwa hilo, kama vile ukweli wa nusu ni nusu ya dhambi.

"Wewe ndio unajua," akasema. "Mimi natumia macho yako."

Niliagiza mwenyewe. Kilipofika kwa basi nilimpelekea, nikamsaidia kukamulia rangi kwenye vishimo, moja moja, kwa mpangilio mzuri. Alikifungua na kukifunga kutwa nzima. Aliwaonyesha hadi wateja.

Siku ya mtihani tulikaa mwisho wa makazi ya Kalobeyei, tukiitazama laga, ule mto mkavu wa mchanga, na miti ya mathenge ng'ambo yake. Wakubwa watatu wa mradi walikaa kwenye hema, mbali kidogo. Dada alifika kwa bodaboda, kisanduku kimefungwa kwenye begi nyuma ya kiti, kimesimama wima, jua lote la njiani limekipiga. Tulisalimiana. "Ejok, dada," akaniambia, maana salamu ya kwetu alikuwa ameshaizoea, akakaa hatua mbili kutoka kwangu na kufungua kifuniko.

Nilijua atakachokiona. Hata hivyo niligeuka kutazama.

Alitia kidole. Kidole kikatoka cha kahawia. Akakifuta kwenye sketi, akatia kingine upande ule ambako bluu ilitakiwa kuwa, nacho kikatoka cha kahawia vilevile. Nyuki mmoja alikuwa ameshafika. Mimi nikatoa changu cha kijivu kwenye kitambaa kibichi, nikakiweka gotini, na vidonge vyangu vilikuwa vimekaa kila kimoja mahali pake.

"Dada," akasema polepole, "hii yote imekuwa kitu moja. Wacha nichovye kwako kidogo. Bluu tu. Ya mbingu."

"Hairuhusiwi," nikasema.

Hakuna mtu aliyekuwa amekataza chochote. Walitupa saa mbili na karatasi, basi. Alinitazama, kisha akakitazama kisanduku changu, kile cha watoto, ambacho nilikuwa nangoja tu kukitupa. Alikitazama kwa muda mrefu, ameyakaza yale macho yake mekundu, na niliona anafika mwenyewe mahali nilipokuwa sitaki afike. Akachovya brashi kwenye ule uji akaanza kuchora.

Alichora laga yote kwa kahawia. Mahali pengine aliizimua sana kwa maji hadi ikawa vumbi lenyewe, mahali pengine aliiacha nzito, na mathenge zilisimama pale zikiwa na kiu. Ilikuwa bora kuliko yangu. Niliona hivyo kabla hata hajamaliza, na nilipaka mbingu yangu ya bluu nikiona.

Mkubwa mmoja aliishika karatasi yake. "Hii ni matope," akawaambia wenzake, akaiweka chini. Nilikuwa nimesimama pale pale. Ningeweza kusema. Badala yake nilifurahi, tena nilifurahi sana, na njia nzima ya kurudi Lodwar nilikuwa nacheka peke yangu.

Darasa lilianza mwezi uliofuata, mwalimu nikiwa mimi. Kina mama walikuja na mikeka yao, wengi wa Sudan Kusini, na Kiswahili changu kilikuwa kinawapita juu. Naye alikuja. Alikuwa amejiandikisha kama wengine. Alikaa mbele kabisa kwa sababu ya macho, nguo zake zinanuka moshi, akajitolea kutafsiri kwa Kiarabu cha Juba. Nilimshukuru mbele ya wote. Nilidhani yamekwisha.

Nilipouliza kama kuna mwenye swali, yeye ndiye aliyeinua mkono.

"Mwalimu," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Kwa hii jua ya hapa, mtu anunue kisanduku gani?"

Kina mama wote walikuwa wananitazama, na kisanduku cha kijivu kilikuwa mkononi mwangu. Nikajibu. Nikasema cha plastiki, chenye vishimo vya kuingia ndani, kitambaa kibichi, rangi ngumu za vidonge. Nikasema wasinunue bati jeusi. Wasinunue rangi ya asali, kwa sababu kwa joto hili inatembea. Alitafsiri kila sentensi bila haraka, akinisubiri niendelee, na wenzake wakawa wanaitikia kwa vichwa.

"Na hii maneno, mwalimu, ulijua lini?"

"Zamani."

"Zamani, kabla ya mtihani?"

"Kabla," nikasema.

Akawageukia wenzake, akawatafsiria na hilo.