Anataka Anisamehe Jukwaani, na Mimi Sijamkosea

Admin, jina langu lifiche, ila mkoa wangu usiufiche. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, Mfipa wa Sumbawanga. Nauza togwa sokoni, na kwenye kwaya ya parokia naimba sauti ya pili. Najua mkisikia Sumbawanga mnaanza kucheka na kuulizana kama nimekuja nikiruka na ungo wa wachawi. Chekeni mmalize, halafu mnisikilize.

Kuna mwanamuziki mmoja mkubwa, jina lake silitaji, nyimbo zake mnazicheza kwenye kila harusi. Yule nimemlea mimi. Ni mtoto wa dada yangu aliyefariki kule Wampembe, ziwani, akaletwa kwangu hajui hata kufunga vifungo vya shati. Alikuwa na sauti nyembamba, tamu, Jumapili akiimba peke yake hata watoto wachanga walinyamaza kanisani. Sasa alipofika kidato cha pili, katikati ya misa ya Pasaka, sauti ikamkatikia. Ikatoka kama ya beberu. Watu wakacheka, yeye akakimbilia nyumbani analia. Mtoto wa kiume anabalehe jamani, nani hajui? Nikamchemshia maji, nikatia asali, nikampa kwenye kikombe changu cha bati, nikamwambia apumzike, asiilazimishe, itarudi pamoja na ndevu zake. Ikarudi. Ndiyo hiyo nzito inayowaliza kwenye simu zenu.

Mwezi uliopita kahojiwa na mtangazaji, simulizi ya maisha yake, alikotoka mpaka alipofika. Mimi na kiherehere changu nikaita majirani tuangalie pamoja kwenye simu ya binti yangu, nikijua leo nitashukuriwa. Akasema hivi: "Mama yangu mdogo alininywesha kitu kwenye kikombe, sauti ikapotea karibu mwaka mzima. Ni Mungu tu." Mtangazaji akajishika mdomo. Majirani wakaaga mmoja mmoja, chai yangu wakaiacha kwenye vikombe.

Tangu siku hiyo togwa yangu inachachia ndooni. Ilipofika zamu ya jumuiya ya kanisa kusali kwangu, kila mtu alikuwa na mgonjwa wa kuuguza. Binti yangu alishatolewa mahari na kijana wa Matai, ndoa imeshatangazwa kanisani. Mshenga akaja, akasimama mlangoni, kiti hataki, anasema wazee wanaomba tusubiri kwanza. Binti yangu hali vizuri mpaka leo. Na msidhani haya ni maneno tu. Huku mwanamke mwenye umri wangu akishaitwa mchawi, watu hawaendi kwanza polisi kuuliza.

Nikampigia simu huyo mwanamuziki wangu. Alipokea, sitamsingizia, na shikamoo akanipa kama zamani. Nilipomwambia yanayonikuta akacheka. "Ma'mdogo, ile ni kiki tu. Watu wanapenda stori yenye machungu."

Nikamwambia, "Kwako ni kiki, baba. Mimi huku naogopa kiberiti."

Akaja na dawa yake. Ana shoo hapa Sumbawanga, uwanjani, mwisho wa mwezi huu. Nipande jukwaani, nipige magoti, yeye aniinue, anikumbatie, atangaze kwamba amenisamehe. Meneja wake akachukua simu, hata shikamoo hana, akaongeza kwamba nije pekupeku na kanga iliyochakaa, itapendeza kwenye kamera. Nilimjibu kanga zangu zote nzima na viatu ninavyo.

Wakwe wa Matai wamezisikia habari hizo na wamefurahi. Wanasema nikisamehewa hadharani, neno limekwisha, harusi iendelee. Binti yangu kanishika mikono ananibembeleza, eti ni dakika moja tu, nipige goti yaishe. Naumia, maana mtoto huyu hajawahi kuniomba kitu kikubwa, na yule kijana anampenda kweli. Lakini anayesamehewa ni aliyekosa. Nikilipiga lile goti nimeungama mbele ya mkoa mzima uchawi nisioujua, na mwanangu ataolewa akiwa binti wa mchawi aliyesamehewa. Siku mtoto wake akipata homa, mnadhani kule ukweni watamtazama nani? Sipigi. Hata angekuja kuniomba marehemu dada yangu kutoka kaburini, sipigi.

Sasa sikilizeni nilichopanga. Huku kwetu ukimkaribisha mtu kinywaji unaonja kwanza wewe, aone hakina kitu. Hata sokoni togwa naionja mbele ya mteja. Basi hilo jukwaa nitalipanda, tena na viatu vyangu. Kikombe cha bati ninacho, ni kile kile. Maji ya moto na asali. Nitakunywa nusu watu wote wakiona, nusu nimpe yeye. Akinywa, kila mtu ameona kwa macho yake na sina haja ya kuongea.

Binti yangu aliposikia akawa anachezea ncha ya kanga. Halafu akaniuliza, "Na asipokunywa, mama?"

Hapo ndipo niliposhindwa, ndugu zangu, na hapo ndipo nawaomba mnishike mkono. Nilimlea, nikadhani namjua. Lakini mtu aliyeweza kusema yale akitabasamu, sijui atafanya nini uwanja mzima ukimtazama. Asipokunywa nimekwisha, mimi na harusi ya mwanangu. Niende, au nikae nyumbani nifunge mlango? La kupiga goti msijisumbue kunishauri, hilo nimeshalijibu. Niambieni la kikombe tu.

Asali nimeshanunua.