Fundi Aliyeisikia Mashine Namba Mbili

Mtambo wa umeme wa gesi ulipokuwa ukijengwa nje kidogo ya mji, kijana mmoja alikuwa mbeba matofali, elimu yake darasa la saba, viganja vimeota sugu. Ujenzi ukaisha, wenzake wakatawanyika. Yeye alirudi langoni siku tatu mfululizo kuuliza kama wanahitaji mtu wa kufagia. Ya tatu wakampa ufagio, nadhani ili wapumue.

Siku moja fundi mmoja mwenye kitambi alimkuta ameegemea ufagio, ameinamisha kichwa.

"Umechoka?"

"Hapana, fundi. Hii mashine leo inakohoa."

Fundi akaikagua, akakuta nati imelegea. Tangu hapo akawa anazunguka naye mitamboni, akamfundisha kusikiliza kwa bisibisi ndefu: ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Kijana akawa fundi, na jina lake likasahaulika. Kila mtu akamwita Sikio, hata mkewe anapokuwa na hasira.

Mkewe alikuwa msusi, mwenye saluni mtaa wa pili kutoka kwenye uzio wa mtambo. Umeme ulimlea yeye, mashine ya kusaga ya jirani yake, na friji ya chanjo ya zahanati. Ukikatika, watu hawakupiga simu ofisini. Waliingia saluni kumuuliza yeye.

Mwaka wa kumi na tisa wa kazi, Jumanne moja saa nne asubuhi, Sikio aliweka bisibisi kwenye mashine namba mbili. Akasikia sauti nyembamba, kama mtu anayetafuna mchanga kwa siri. Akasikiliza tena, ikawa ile ile. Akaenda chumba cha kuongozea mitambo kwa injinia wa zamu, mwanamke aliyemzidi umri kwa miaka kumi na mitano.

"Injinia, namba mbili inaumwa."

Injinia akatazama skrini. "Joto la kawaida. Mtikisiko wa kawaida. Inaumwa wapi?"

"Beringi ya mbele. Sijui nikueleze vipi."

Injinia alivaa kofia ngumu, wakaenda wote. Akaweka bisibisi sikioni, akafumba macho.

"Mimi sisikii kitu."

"Najua."

Injinia akamrudishia bisibisi. "Ingekuwa ni wewe mwenye uamuzi, ungefanyaje?"

Miaka kumi na tisa, hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Namba moja ilikuwa imefunguliwa kwa matengenezo, mafundi sita wakiifanyia kazi pale pale ubavuni. Kuizima namba mbili ni kuuzima mji mzima.

"Ningeizima," akasema.

Injinia akapiga simu kwa wakubwa. Sikio alimsikia akisema, "Hapana, vipimo havionyeshi kitu. Nimeamua mimi." Jina la fundi hakulitaja.

Mngurumo ulipokufa, simu ya Sikio ikaita. Alikuwa mkewe.

"Sikio, mmefanya nini huko?"

"Tumeizima."

"Nani kaizima?"

"Mimi. Na injinia."

"Basi njooni nyote wawili mumkaushe mteja wangu kwa kumpuliza. Nusu ya kichwa imekauka, nusu inachuruzika."

Walingoja chuma kipoe, wakafungua jioni. Beringi ilikuwa imepasuka, imebanduka magamba kama samaki. Injinia alisema ingeenda saa moja zaidi, labda mbili, kisha vyuma vingeruka. Mmoja wa wale mafundi sita akaketi sakafuni, akaomba maji.

Mji ulikaa bila umeme mpaka kesho yake alasiri, namba moja iliporudishwa. Chanjo za zahanati zilihamishiwa kwenye maboksi ya barafu, hakuna hata moja iliyoharibika. Msusi aliposikia habari yote alimbandikia mumewe maji ya kuoga, akakaa karibu naye kuliko kawaida.

Miezi minane baadaye injinia alihamishwa. Sikio alimsindikiza hadi kwenye gari, akambebea begi.

"Nimekuja kukushukuru," akasema.

"Unishukuru mimi? Watu sita wako hai kwa sababu yako."

"Injinia, ungesema skrini haina tatizo, ningerudi kazini kwangu nikanyamaza. Nani angenilaumu? Lakini uliniuliza."

Injinia akapangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Niliogopa sana siku ile, kaka yangu."

"Hata mimi, dada."

Wakacheka. Sikio akaweka begi kwenye buti, akafunga taratibu, akasimama barabarani mpaka gari lilipokata kona.