Mpira Wenye Uzi Ndani ya Mafuta ya Injini

Siku hiyo tulikuwa wanne. Mimi. Mume wangu, fundi wa magari, ambaye gereji yake ilikuwa uwanja mtupu pale Kawangware 46. Mjane wa kaka yake, aliyeuza spea kuukuu kando ya uwanja huo huo, kwenye meza aliyoachiwa na marehemu. Na mwenye pikapu, mzee wa Nyayo Highrise, ambaye hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale ila alikuwa mteja wa marehemu tangu zamani. Majina yao yote ninayo, hata ya watoto wao, lakini wajukuu siku hizi wanasoma kila kitu, basi nayaacha.

Kwetu upande wa ziwa, wake wa ndugu huitana nyieka, yaani mke mwenzangu, hata kama kila mmoja ana bwana wake. Ni mzaha tu. Lakini tangu tumzike shemeji yangu, mzaha huo haukunichekesha tena. Wazee walikuwa wametuma neno kutoka nyumbani: mume wangu amchukue mjane, asimame mahali pa kaka yake. Yeye hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nilikuwa naingoja hiyo hapana kila nilipompakulia chakula, na haikuja.

Sasa, mimi nilikuwa na kazi yangu pale gereji. Gari likianza kulia karakara upande wa mbele asubuhi likiwashwa, mara nyingi ni cheni ya taiming, ule mnyororo wa ndani unaofanya injini ifungue na kufunga kwa wakati wake. Kabla ya kufungua chochote, mume wangu alimwaga mafuta ya injini kwenye karai, nami nikayachuja kwa kipande cha petikoti yangu kuukuu. Kilichobaki juu ya kitambaa tulikipapasa kwa vidole. Vumbi likirukia sumaku, hicho ni chuma: cheni yenyewe inalika, au meno inayozungukia. Likimetameta na sumaku ikaliacha, hiyo ni aluminiamu: cheni imelegea mpaka inakwangua mfuniko. Ukiona plastiki au mpira, basi kile kizuizi kinachoshika cheni isicheze kimevunjika. Tulikuwa tunainama vichwa vikigusana. Nyumbani Kianda, chumba kimoja na watoto, hatukuwahi kuinamia kitu pamoja namna ile.

Siku hiyo nikavuka Ngong Road na ugali wangu na omena, nikafika, nikamkuta mjane amechuchumaa kando ya karai. Kitambaa kiko mkononi mwake. Petikoti yangu.

"Umechelewa, nyieka," akasema. "Nimekushikia."

"Asante. Sasa niachie."

"Ngoja nimalize, mikono ishachafuka."

"Hata yangu huchafuka. Haijaanza leo."

Mzee wa pikapu akacheka. "Wamama, hiyo ni oili, si nyama ya sikukuu. Itawatosha."

Mume wangu naye akacheka, na kicheko chake kiliniuma kuliko cha mzee. Nikaweka chakula chini, nikachuchumaa upande wa pili. Kwenye kitambaa kulikuwa na vumbi linalometameta na vipande vyeusi kama makombo ya ugali ulioungua.

"Ni mpira wa kiwandani, ule wa kizuizi cha cheni," mume wangu akasema. "Umekwisha. Tukipata mwingine tumemaliza."

Mjane akabana kipande kimoja kwa kucha, akakivuta. "Shemeji, angalia. Kina uzi."

"Huo ni uzi wa nguo," nikasema haraka. "Umetoka kwa hicho kitambaa."

"Petikoti yako ni nailoni, nyieka. Huu ni uzi wa pamba, na umefumwa ndani ya mpira wenyewe. Huu ni mkanda wa posho mill."

Mume wangu akasogeza kichwa aone. Sote tukamngoja mjane. Akasema marehemu alipokosa kizuizi kipya alichukua kile kilicholika, akakata kipande cha mkanda mkuukuu wa mashine ya kusaga unga, akakipigilia juu yake kwa ribiti, misumari mifupi ya shaba.

"Nilikuwa namshikia akikata," akasema. "Kwa kisu changu cha jikoni. Niligomba mpaka nikachoka."

"Kweli, ni yeye aliyeifungua hii mara ya mwisho," mzee akasema. "Na imenitembeza sana."

Mimi nami nilitaka fungu langu. Nikapitisha sumaku juu ya lile vumbi, halikusogea. "Mfuniko umekwanguliwa pia," nikasema.

"Eeh, na mfuniko," mume wangu akajibu bila kunitazama.

Wakafungua. Mfuniko ulikuwa na mfereji kwa ndani, kama nilivyosema. Kizuizi kikatoka na nusu ya mkanda, ribiti mbili bado zimeshika. Mjane akakipokea, akakipangusa kwa leso yake, taratibu, kama mtu anayepangusa mtoto mdomo. Hakukirudisha.

"Shemeji," akasema, "waambie wazee wasingoje. Mimi nina bwana. Hapa mezani nitaendelea kuuza, na mkinihitaji kwa kazi mniite. Lakini nyumbani kwangu, hapana."

Ile hapana niliyoingoja ikawa imesemwa, na haikutoka kwenye mdomo niliotaka itoke. Mngedhani nilifurahi. Nilimwonea wivu kuliko jana yake. Bwana yuko kaburini, na yeye anamtambua kwa kombo moja ndani ya mafuta machafu. Nikatazama mikono ya wangu, hai, imejaa grisi, nikajiuliza mimi ningemtambua kwa kitu gani.

Mume wangu akamjibu, "Sawa." Neno moja tu. Nilikuwa nimeinama nakamua kitambaa, sikuuona uso wake. Mimi nakumbuka alikawia kidogo kabla ya kulisema. Mjane, aliyekuwa anamtazama, hajaniambia hadi leo, na mume wangu hayupo tena wa kuulizwa. Kama yule mzee wa Highrise bado yuko, au aliwasimulia watoto wake kisa cha pikapu yake, tafadhali nirekebisheni. Semeni tu kwamba hakukawia.