Kiti cha Dereva Kwenye Lori la Simiti

Kile kiti kilitugharimu mbuzi wanne na jogoo mmoja. Nimehesabu tena: wanne na mmoja. Mbuzi walikuwa wa mama yangu kule Marungu, jogoo alikuwa wangu, labda ndiyo maana ninamkumbuka jogoo zaidi. Mbuzi walilipia shule ya udereva hadi leseni ya lori. Jogoo tulimla siku leseni ilipotoka. Mama akabaki na zizi tupu na mimi nikabaki na kadi yenye picha yangu, na nisipopata kazi, zizi lingekaa vivyo hivyo. Mama hakulitaja hata siku moja. Alikuwa akilifagia tu kila asubuhi.

Wakati huo nilikuwa nauza mayai mjini Voi. Mmoja wa wateja wangu alikuwa mwenye duka la hadiweya, yaani vifaa vya ujenzi, karibu na stesheni, Mhindi aliyezaliwa hapa hapa, na baba yake kadhalika. Tulikuwa tumegombania bei ya trei kwa miaka, kwa hivyo tuliheshimiana. Siku niliyokwenda kuomba udereva nilisimama kwanza mlangoni nikahesabu watu. Kwenye kaunta ya pesa, shemeji yake na mpwa wake. Madereva, wanaume. Matanboi, wale wasaidizi wa lori wanaopakia na kushusha mzigo, wanaume. Mwanamke alikuwa mmoja, ameshika ufagio. Nikarudia kuhesabu, pengine kuna mwingine nyuma ya mabati. Hakuwapo.

"Bosi, leo sikuleta mayai. Nimeleta leseni."

Akaigeuza akaangalia upande wa pili, kama anayetafuta bei. "Ya lori?"

"Ya lori."

"Mama, mimi sibagui mtu. Tangu baba yangu afungue hili duka, hakuna mwanamke aliyewahi kuja kuomba udereva."

"Basi leo amekuja. Shida hiyo imeisha."

Akacheka, halafu akanieleza kwa upole. Hajawahi kuajiri dereva kutoka nje. Kila dereva wake alianza kama tanboi. Anapakia, anashusha, anafunga turubali, na dereva anamfundisha kidogo kidogo lori likirudi tupu. Akishapata leseni anangoja, na kiti kikibaki wazi kinakuwa chake. "Wewe umeanzia mwisho," akaniambia.

Alikuwa anasema kweli. Malori mengi ya Voi yanakwenda hivyo. Na mwanamke hawi tanboi, kwa sababu lori likilala Mombasa likingoja kupakia, tanboi hulala humo humo ndani ya lori, kati ya wanaume. Hakuna aliyewahi kuandika popote kwamba wanawake hawatakiwi. Hapakuwa na haja.

"Nipe utanboi, basi," nikasema. "Safari za mchana tu. Mwatate, Wundanyi, Makwasinyi. Mombasa aende mwingine."

"Nusu tanboi?"

"Kwa nusu mshahara, mpaka uone kazi yangu. Na mayai kwa bei ya zamani."

Naamini ni mayai yaliyomvuta.

Stoo walinipokea vizuri kwa namna yao. "Mama wa mayai, huu mfuko ni kilo hamsini, si trei," akasema mpakiaji mmoja. Nikamwambia trei ndiyo ngumu, maana huu hata ukiuangusha hutaulipa. Wiki ya kwanza niliuangusha mara nyingi. Mgongo uliniuma hadi nikawa naoga nimekaa. Lakini wale wale walionicheka ndio walionionyesha namna ya kuuweka mfuko begani usinikate pumzi, na hawakunidai chochote, jambo ambalo mfanyabiashara huliona haraka.

Dereva niliyepangiwa alikuwa mzee wa Kikamba, aliyeanza kazi pale baba yake bosi akiwa hai. Nilijiandaa kumbembeleza anifundishe. Nilikuwa hata na maneno tayari. Siku ya kwanza tuliposhusha simiti Wundanyi na kuteremka hadi tambarare, mbele ya Mwatate, akasimamisha lori kando akaniachia usukani.

"Mzee, hukuniuliza kama naweza."

"Mimi hufundisha tanboi. Wewe si tanboi?"

"Ni tanboi."

"Basi panda, jua linatuchoma."

Nimetafuta neno kubwa la kumshukuru kwa hayo, sijalipata. Hakunionea huruma wala hakunipa upendeleo. Alinipa tu kile alichowapa wengine. Alinifundisha kuteremka kona za Wundanyi kwa gia ile ile ambayo ningepandia, nisiitegemee breki, na kutomwamini mtu anayesema "njoo, njoo" nyuma ya lori bila kuangalia juu kuna nini.

Kisha magoti yakamchosha akaaga. Kwa desturi, kiti kilikuwa changu. Bosi akakwama. Alizunguka duka, akapanga misumari iliyokuwa imeshapangika, mwishowe akasema nirudishe lori nyuma hadi ndani ya geti la stoo, likiwa limejaa mzigo. Lile geti limekwanguliwa na kila gari lililopita pale. Duka zima likatoka kutazama, pamoja na wateja.

Nikamuuliza kutoka dirishani, "Bosi, hawa madereva wengine uliwahi kuwapa mtihani huu?"

Akafikiri. Sifa yake ni kwamba hufikiri kweli. "Hapana. Niliwauliza kama wanajua njia."

"Basi huu ndio ubaguzi, bosi. Nilikuwa nautafuta siku zote."

"Inawezekana," akasema. "Lakini rudisha."

Nikarudisha. Sikugusa geti. Mzee, aliyekuja kutazama akiwa kivulini, alivaa kofia yake akaenda zake. Bosi akasema nianze Jumatatu, mshahara mzima, na bei ya mayai ibaki pale pale. Nilipokea. Leo zizi la Marungu lina mbuzi sita. Mama anasema saba, kwa sababu mmoja ana mimba.

Watu huniuliza kama kazi zimegawanyika hivi kwa sababu ya ubaguzi. Nilipokuwa nje nilijibu ndiyo, haraka. Sasa nahesabu polepole. Ule mtihani wa geti ulikuwa ubaguzi, sibishani. Dada yangu, naye, nilimwambia aje utanboi akasema hawezi kula vumbi, na huyo hakubaguliwa na mtu. Na kuhusu kaunta nilimuuliza bosi waziwazi, tukinywa chai: mbona pale wanakaa watu wako tu? Hakukasirika. Alisema anaajiri anayemjua, na anaowajua sana ni wa nyumbani kwake. Nikamwambia ukijua wa nyumbani tu, mwingine atajulikana lini? Akakoroga chai muda mrefu kuliko sukari iliyokuwemo. Mwezi uliofuata aliweka binti wa Kitaita kwenye kaunta, siku mbili kwa wiki. Nilizihesabu: mbili.

Sasa lori langu linahitaji tanboi mpya, na bosi ameniachia nimchague mimi. Nimewaza watu watatu. Wa kwanza ni mtoto wa shangazi yangu, wa pili tuliimba kwaya moja, wa tatu ni jirani wa mama. Wote wa Marungu, na wote ninawaamini. Mtu wa Ndara au wa Taveta hajanijia kichwani hata kidogo, wala sijui angesikia wapi kwamba kuna kazi. Atakayepata ndiye atakayekalia kiti changu baadaye, kwa hivyo si jambo dogo kwake. Bosi anataka jibu wiki hii. Wewe unayesoma, ungekuwa mimi, hii habari ungeitangaza wapi ili ifike kwa mtu nisiyemjua, na akija ungempimaje bila kumwonea wala kumpendelea? Nishauri. Mayai ninayo, ukitaka kitu cha mkononi.