Samli ya Matrida na Kigimbi cha Danford

Hii ninayowasimulia hamtaiamini. Mpwa wangu Matrida wa Nyasho, huyu aliyekaa hapa, ndiye aliyekuwaga akimchua mumewe, Danford, kila msuli wa mguu ukimbana, kwa samli ya kibuyu kutoka kwao Butiama. Jumapili moja Danford akarudi kutoka Bunda ananukia mentoli. Matrida akainama, akakinusa kigimbi.

“Nani kakupaka?”

“Anastazia wa duka la dawa. Ana tyubu.”

“Kakupaka kwa mkono wake?”

Danford akauvuta mguu wake. Wivu ukamkaba Matrida. Akakiosha kile kigimbi kwa sabuni mara mbili, akakipaka samli, akakichua mpaka msuli ukalegea, na Danford akainuka, akakimbia kilomita zote zile hadi Bunda bila hata kupu—

“Mjomba,” Matrida akadakia, “aliishia getini. Na alikuwa ananikimbia mimi.”