Kiunzi cha Kumi na Moja

Festus Gleeson alikuwa na miaka hamsini na mmoja macho yake yalipozimika. Presha ya macho ilimnyemelea miaka mingi akiwa kazini kwenye kiwanda cha maziwa, naye akaipuuza, mpaka asubuhi moja akamwuliza dada yake, Attracta, mbona hawashi taa. Tangu hapo waliishi wawili tu katika nyumba ya marehemu wazazi wao, magharibi mwa Ayalandi, na kilichompa Festus hamu ya kuamka kilikuwa mbio za farasi wa kuruka viunzi, redioni.

Kamari hakucheza. Alichotaka ni kukimbia nao. Mtangazaji mzuri, alisema, humwazima mtu macho: nani anaongoza, nani kabanwa, nani karuka vibaya na sasa anatafuta pumzi. Mbaya anakuimbia bei za kamari na majina ya matajiri, halafu ghafla unasikia watu wanapiga kelele wala hujui wanamshangilia nani. Aliyemwamini alikuwa mmoja tu, Ultan Brehony.

"Huyu akisema majani yameloa, nahisi soksi zangu zimeloa."

"Zimeloa kwa sababu umekanyaga bakuli la paka," Attracta alimjibu.

Nyuma ya ukuta wao kulikuwa na mazizi, na humo alikuwamo farasi jike wa kijivu aliyeitwa Siku ya Gulio. Kila asubuhi mtunzaji wake, Sorcha Lydon, alipompitisha ukutani, jike yule alisimama mwenyewe mbele ya Festus na kuingiza pua ndani ya koti lake akitafuta tufaha. Festus aliujua mwendo wake kwa kwato tu. Mguu wa nyuma wa kushoto ulichelewa kidogo, kama mtu anayefikiri kabla ya kujibu.

Jumamosi moja ya Februari, Siku ya Gulio alishindana katika mbio kubwa kuliko zote alizowahi kuingizwa. Attracta aliwasha televisheni bila sauti, ili amjazie mdogo wake yale ambayo redio ingeyaacha. Mvua ilikuwa inanyesha. Brehony alimtaja jike wao katika nafasi ya tano, kisha ya tatu. "Anaruka kama anacheza!" alisema, na Festus akapiga goti lake kwa kiganja.

Wakavuka kiunzi cha kumi na moja. Brehony akataja farasi wanne wa mbele. Siku ya Gulio hakuwamo. Akawataja tena, sauti ikipanda, na bado hakuwamo.

"Dada, yuko wapi?"

Attracta alikuwa amemwona akiangukia shingo. Aliona watu wakikimbia na mapazia ya kijani anayozingirwa farasi asiyeinuka tena, kisha picha ikamwacha pale ikawafuata wanaoongoza.

"Kaanguka," alisema, "lakini kainuka. Anatembea."

"Mungu ashukuriwe," alisema Festus, na jioni ile akala chakula chake chote.

Jumatatu alisimama ukutani na tufaha lake. Akasikia hatua za mtu peke yake.

"Mzee Festus," alisema Sorcha, "hukuambiwa?"

Alilia huku akisimulia. Alikimbia kutoka upande wa pili wa uwanja, na alipofika kwenye mapazia jike wake alikuwa amekwisha kufa. Vipaza sauti bado vilikuwa vinamsifu mshindi. Alirudi nyumbani na hatamu mikononi.

Festus aliingia ndani bila kuvua koti.

"Ulinidanganya."

"Ndiyo, nilikudanganya," alisema Attracta. "Ulikuwa unatabasamu. Hivi ningeanzia wapi, we Festus?"

"Pale pale alipoangukia."

Hawakusemezana siku tatu. Siku ya nne Festus alipiga simu redioni akaacha jina lake na swali kuhusu Siku ya Gulio, na jioni Brehony mwenyewe akampigia.

"Niliona, bwana Gleeson," alisema. "Sote tuliona. Lakini yule binti anayemtunza ana mama anayesikiliza, na wenye farasi wanasikiliza. Sikutaka wazipate habari zile kwa sauti yangu."

"Mimi nilizipata ukutani, nimeshika tufaha. Siku mbili nilimfurahia mnyama aliyekwisha kufa. Miaka kumi na miwili macho yangu ni wewe, bwana Brehony. Aliyeshinda unamtaja mara kumi. Aliyekufa akikimbia hana hata mara moja?"



"Wakubwa wangu wanasema watu watazima redio."

"Basi na wazime."

Brehony hakuahidi kitu. Aliuliza tu jike yule alikuwaje nyumbani, na Festus akamsimulia ule mguu uliochelewa, mpaka chai yake ikapoa.

Mwezi wa nne, katika mbio nyingine, katikati ya kelele, sauti ya Brehony ilishuka. "Wimbi la Kaskazini kaanguka kwenye kiunzi cha saba. Hajainuka. Wanaweka mapazia." Akavuta pumzi, akaendelea na walio mbele.

Festus hakuwahi kumjua farasi yule. Hata hivyo aliibana mikono yake katikati ya magoti. Attracta alisogea karibu.

"Nizime?"

"Hapana."

"Umeyataka mwenyewe," alisema dada yake, wala hakuwa anamsimanga. Aliketi kando yake, akamshika mkono, wakasikiliza mbio zile mpaka mwisho.