Utupa wa Kibarua

Jumatano, tarehe 11 Desemba 1996, kibarua wetu, mwanamke kutoka kambi ya wakimbizi, alifika bustanini saa moja na nusu asubuhi, akaondoka saa tano kasorobo. Kwa miaka miwili alitulimia viazi vitamu, nasi tukamlipa kwa viazi hivyohivyo, vile ambavyo fuko alikuwa hajavitafuna. Siku hiyo alikuja na mbegu za utupa, mmea ambao fuko huikimbia mizizi yake, akaanza kuzipanda kuzunguka bustani yote. Alipima nafasi kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mimi niliyesomea ushonaji nilipima baadaye kwa futi yangu, nikakuta inchi kumi na nane, shimo baada ya shimo. Kila alipomaliza mashimo matano alijinyoosha, akashika kiuno, akatazama barabara iendayo mpakani, kisha akainama tena. Tangazo la wakimbizi kurudi kwao lilikwisha kutolewa, na mwisho ulikuwa mwezi huohuo.

“Mama, utupa huchukua karibu mwaka kushika,” nilimwambia. “Viazi hivyo hutavila wewe.”

“Na fuko naye hatavila,” alijibu bila kuinua uso, akacheka kicheko kifupi cha mtu aliyechoka. “Niletee maji, mwanangu. Upande wa migombani bado.”

Desemba 1997 tulichimba viazi, na sikukuta hata kimoja chenye alama ya meno. Fungu la kibarua, kwa mazoea, mama yangu aliliweka kando ya mlango.